Mita Mia Sita na Arobaini

Kwenye karatasi, mto Maros ni mstari wa buluu,
unene wa uzi wa kushonea kifungo.
Chini yake nikachora upinde kwa penseli:
kuingia digrii kumi na mbili, kutoka digrii nane,
samaki wasijue, mierebi isijue,
gesi ivuke ng'ambo bila kulowa.

Nilichora siku arobaini. Kuchimba kungechukua tisa.
Zsombor, mwendesha mtambo, akacheka:
"Mhandisi, unapika muda mrefu kuliko tunavyokula."
Nikamjibu, asiyepika hula mbichi.

Tulitoboa visima vinne kupima udongo.
Mfinyanzi, mfinyanzi tena, kichanga, mfinyanzi.
Cha tano kiliangukia shamba la vitunguu
la mjane Borbála, naye alisimama langoni,
mikono kiunoni: "Baada ya mavuno."
Mwenye kazi alikuwa na haraka. Nikakiruka.
Nalisema hapa kwa sababu ripoti yangu ilisema
*data zinatosha.*

Siku ya kwanza keekee ilizama kama kisu kwenye siagi.
Emőke alitembea juu yake na kisanduku cha manjano,
akisikiliza mlio wa kichwa chini ya nyayo zake,
akipigilia vijiti vya utepe mwekundu:
kipo hapa. Kipo hapa. Hapa, kushoto kidogo.
Alipofika ukingoni akasimama, kisanduku kifuani,
na keekee ikaendelea peke yake chini ya maji.

Siku ya nne, mita mia nne na kumi na mbili,
mto tumeshauvuka, shinikizo likaporomoka.
Pampu inasukuma, tope halirudi.
Lita mia tano kwa dakika, zinakwenda wapi?
Wote tukautazama mto.
Mto ulikuwa safi, unapita na mambo yake.
Kisha simu. Borbála.
"Mhandisi, vitunguu vyangu vinaota uji."

Nilivuka daraja mbio. Kati ya matuta
tope la kijivu lilikuwa linapanda
taratibu, bila kelele, kama uji kweli,
na ndani yake kokoto za duara, laini,
kokoto za mto, mahali pasipo na mto.

"Ulipita hapa zamani," akasema.
"Kila shimo la uzio hutoa mawe haya."
"Nilikuja kwako, mama, ukanikatalia."
"Uliomba kutoboa," akasema. "Hukuuliza kitu."

Tukazima. Magunia ya mchanga, lori la kunyonya,
matuta matatu yamekufa, na fidia
aliyoihesabu mwenyewe, kitunguu kwa kitunguu.
Nikafuta upinde wangu. Penseli ilikuwa imekwaruza sana,
karatasi ikabaki na kovu.
Tukarudi nyuma mita mia moja na themanini,
tukashuka mita nne zaidi, chini ya mto ule wa zamani
ambao hakuna ramani iliyokuwa imeuandika.

Tundu tulilipanua mara tatu.
Bomba lililala juu ya rola kando ya tuta la mafuriko,
limeungwa lote, limejazwa maji lisielee,
na saa kumi alfajiri tukaanza kulivuta,
kwani ukishaanza huruhusiwi kupumzika:
ardhi hukumbatia kinachosimama.
Saa kumi na tisa. Zsombor alikula mkate kwa mkono mmoja,
jicho kwenye mshale wa tani.
Hakuna aliyefanya mzaha.

Kichwa kilipotokea, kimevaa tope,
Emőke alikifuta kwa mkono wa koti lake.
Mkwaruzo mmoja, urefu wa kidole. Tukaupima. Tukauandika.

Sasa ukienda hakuna cha kuona.
Hakuna nguzo, hakuna daraja lenye jina letu;
nyasi, ng'ombe wawili, kibao cha njano kuhusu gesi.

Vuli ile Borbála alinitumia shada la vitunguu.
Chini ya mfuko, kokoto moja.
Huwa naiweka kwenye kona ya mchoro mpya,
kona inayopenda kujikunja.